Heshima Inayomlaza Mzee Kitandani

Mzee wa miaka 74 anaingia wodini akitembea. Ana malaria, au nimonia, au jeraha la mguu lililochafuka. Binti yake amemshika mkono, lakini hatua ni zake mwenyewe. Siku ya kumi homa imekwisha, vipimo havionyeshi kitu, daktari ameandika arudi nyumbani. Anatoka amebebwa na wajukuu wawili. Familia inalipa, inashukuru, na njiani wote wanakubaliana kwamba ugonjwa umemmaliza. Ugonjwa ulitibiwa. Kilichommaliza ni kitanda, na waliomshikilia kitandani siku zote hizo ni watu wanaompenda, wakisaidiwa na wauguzi wanaomheshimu.

Mwaka 2007 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha jaribio la Paul Kortebein na wenzake. Walichukua kikundi kidogo cha watu wa umri mkubwa wenye afya njema, wakawalaza siku 10 bila ugonjwa wowote, wakila chakula kilichopimwa. Kwa siku hizo 10 kila mmoja alipoteza kwa wastani karibu kilo 1 ya nyama ya miguu, na nguvu ya kunyoosha goti ilishuka kwa takriban asilimia 15. Hao walikuwa wazima. Mzee mwenye homa, asiyekula vizuri, aliyefungwa serumu (dripu) mkononi, hupoteza zaidi na kwa haraka zaidi. Kijana akipoteza kiasi hicho bado ana akiba ya kusimamia. Mzee aliyekuwa akinyanyuka kwenye kiti kwa nguvu zake za mwisho hana akiba hiyo, na upungufu mdogo tu unamtoa katika kundi la wanaokwenda chooni wenyewe na kumweka katika kundi la wanaobebwa.

Ubaguzi wa umri ulipewa jina lake mwaka 1969 na Robert Butler, daktari wa akili wa Marekani. Alikusudia ile tabia ya kumpima mtu kwa miaka yake badala ya kumpima kwa hali yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, OMS kama tunavyoliita huku, lilitoa ripoti ikisema mtu mmoja kati ya wawili duniani ana mtazamo wa kibaguzi juu ya wazee. Msomaji wa Katuba au Kamalondo, mitaa ya hapa Lubumbashi, Kongo, atajibu haraka: hayo ni ya Wazungu wanaowapeleka wazazi wao kwenye nyumba za wazee, sisi tunaheshimu. Ni kweli tunaheshimu. Lakini tazama heshima hiyo inavyofanya kazi. Nkambo, yaani babu au bibi, akitaka kunyanyuka, sauti tatu zinamkataza kwa pamoja: "Ikala (kaa), nkambo, tutakuletea." Akitaka kujiosha, mjukuu ameshaloweka kitambaa. Akishika kijiko, mkono mwingine unakichukua kwa sababu anachelewa na chakula kinapoa. Hakuna aliyemdharau, na hakuna aliyemuuliza anachoweza. Umri wake umejibu kwa niaba yake, na hilo ndilo Butler alilolipa jina.

Kwa hiyo, katika mji wa Lubumbashi, adui wa kwanza wa mzee aliyelazwa si mtu mwenye roho mbaya. Ni garde-malade, yaani ndugu anayekaa na mgonjwa hospitalini, mwenye bidii, pamoja na muuguzi anayemsifu kwa bidii hiyo.

Sababu zipo, na si za kulaumiana. Nchi yetu ni ya vijana; wenye miaka 65 na zaidi ni takriban 3 kwa kila watu 100. Huduma za afya zimejengwa kuzunguka mama mjamzito na mtoto chini ya miaka 5, na ndivyo ilivyopaswa. Muuguzi wa A2 (ngazi ya sekondari) au A1 (ngazi ya chuo) anamaliza masomo akijua kumpima mtoto uzito, kusoma mstari wa ukuaji, kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi. Mzee anaonekana kama mtu mzima wa kawaida aliyechakaa. Halafu kuna orodha ya bei. Serumu ina bei, sindano ina bei, kubadilisha kidonda kuna bei. Kumtembeza mgonjwa kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi hakumo kwenye orodha. Kazi isiyo na bei haiandikwi, na isiyoandikwa haiulizwi asubuhi. Na tatu ni haraka: kumlisha mzee kunachukua dakika 10, kumsubiri ale mwenyewe ni dakika 30 au 40. Muuguzi mwenye vitanda 20 anajua hesabu hiyo bila kufundishwa.

Kinachotakiwa siku ya kwanza ni swali moja ambalo fishi nyingi, zile karatasi za mgonjwa, hazina: wiki mbili kabla ya kuugua, huyu mtu alikuwa akifanya nini mwenyewe? Yapo mambo sita ya kuuliza, yaliyopangwa na daktari wa Marekani Sidney Katz na wenzake mwaka 1963, na hayajazeeka: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kuzuia haja, kula. Kila moja liandikwe "mwenyewe" au "kwa msaada", na msaada gani. Dakika tano zinatosha. Bila mstari huo, muuguzi wa zamu ya usiku anamkuta mzee amelala na kudhani ndivyo alivyo siku zote. Akiwa na mstari huo, anajua mtu huyu juzi alikuwa akienda sokoni, na kulala kwake leo ni dalili ya kutafutiwa chanzo.

Kusimama kuna utaratibu, na hapa ndipo wengi huogopa kwa sababu hawajaonyeshwa. Kwanza muuguzi ajue asiyefaa kusimamishwa leo: mwenye mfupa uliovunjika na haujatulizwa, mwenye maumivu ya kifua, mwenye tansio (shinikizo la damu) ambayo namba yake ya juu iko chini ya 90, anayehema kwa shida hata akiwa amekaa, aliyepooza ghafla upande mmoja ndani ya saa 24 zilizopita. Wengine wote ni wa kujaribu. Mzee alale chali dakika 5, apimwe tansio na mapigo. Akae ukingoni mwa kitanda, nyayo zote zikigusa sakafu, na achezeshe vifundo vya miguu juu na chini dakika 1 au 2 ili damu irudi juu. Kisha asimame, na tansio ipimwe dakika ya 1 na dakika ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, damu yake haipandi kichwani kwa wakati. Akae, atafutwe upungufu wa maji au dawa inayoshusha tansio, ajaribiwe tena baadaye siku hiyo hiyo. Mzee anayeanguka akielekea chooni alfajiri mara nyingi alikuwa na shuko hilo tangu jana, ila alipimwa akiwa amelala tu.

Namna ya kumshika nayo ina makosa yake. Wengi hushika kwapani au kuvuta mkono. Bega la mzee huteguka, na akiyumba mkono hauwezi kumzuia. Kitenge kilichokunjwa kwa upana wa kiganja na kufungwa kiunoni kwa fundo imara kinatosha kuwa mkanda wa kushikia: muuguzi anasimama upande ulio dhaifu, nusu hatua nyuma, mkono mmoja umeshika kitenge mgongoni, mwingine uko tayari mbele ya bega. Kandambili hazifai, zinateleza na zinamfanya aburute miguu. Miguu mitupu kwenye sakafu kavu ni bora kuliko kandambili, na viatu vyenye kushika kisigino ni bora kuliko vyote.

Siku ya kwanza ni kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na chakula chote kiliwe kitini. Siku ya pili, chooni. Kuanzia hapo, mara tatu kwa siku, hata kama ni mita 10. Serumu isiwe kisingizio: anayekunywa na kumeza dawa haihitaji, na anayeihitaji anaweza kutembea na mti wake au mrija ukafungwa kati ya chupa mbili. Sonde ya mkojo, ule mrija unaoingizwa kwenye kibofu, ndiyo pingu mbaya kuliko zote. Huwekwa ili shuka zisilowe, kisha husahaulika, na kila siku inayopita inaongeza nafasi ya vijidudu kupanda kwenye kibofu. Iulizwe kila asubuhi: ipo kwa sababu gani leo? Kama jibu ni kwamba mgonjwa ni mzito au ni mzee, itolewe, naye apelekwe chooni kila baada ya saa mbili au tatu mchana. Kwa asiyeweza kabisa kutoka kitandani, kumgeuza kila saa mbili kwa mlalo wa ubavu wa nyuzi 30, mto mgongoni na visigino vikiwa hewani, si jambo la hiari. Kidonda cha makalio kinaanza na wekundu ambao kwenye ngozi nyeusi hauonekani; unatafutwa kwa vidole, mahali penye joto zaidi au pagumu zaidi kuliko pembeni.

Chakula nacho kina hesabu. Mzee anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, zaidi kidogo kuliko kijana, kwa sababu misuli yake inaitumia protini kwa uvivu. Mwenye kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 60. Bukari (ugali) ya gramu 200 za unga wa mahindi inampa kama 16, tena za aina dhaifu. Yai moja ni 6. Kiganja cha ndagala (dagaa) kavu, gramu 30 hivi, kinakaribia 15 au kuzidi. Karanga gramu 30 zilizosagwa ndani ya uji, 7 au 8. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva, kama 15. Ukijumlisha utaona kwamba mgonjwa anayeletewa uji mtupu asubuhi na bukari na mchuzi jioni, "kwa sababu mzee hatafuni", anakula misuli yake mwenyewe. Meno yakiwa hayapo, ndagala hupondwa, maharagwe husagwa, yai huchanganywa kwenye uji wa moto. Kupima kama amepungua hakuhitaji mashine: kupoteza zaidi ya kilo 3 katika miezi 3 ni onyo, na utepe wa fundi cherehani ukizungushwa kwenye sehemu nene ya shavu la mguu ukaonyesha chini ya sentimita 31, huyo ana upungufu wa nyama hata kama mashavu ya uso wake ni mazuri.

Kuhusu maji, wazee wengi hunywa kidogo kwa makusudi. Mama anayejua kwamba choo kiko nje, gizani, mita 30 kutoka mlangoni, anaacha kunywa saa tisa mchana. Ushauri wa "kunywa maji mengi" hauna maana mpaka choo kiwe karibu. Kiasi cha kulenga ni lita 1.6 za vinywaji kwa mwanamke na lita 2 kwa mwanamume, isipokuwa daktari amepunguza kwa sababu ya moyo au figo, na kingi kati ya hicho kinywewe kabla ya saa kumi jioni.

Upande wa pili wa ubaguzi huu hauna upole wowote, nao unakaa katika maneno mawili ya daktari au muuguzi aliyechoka: "Ni uzee." Magoti yanauma, ni uzee. Hasikii, ni uzee. Amepoteza hamu ya kula, amekuwa na huzuni, anakojoa usiku, amesahau jina la mjukuu, yote ni uzee. Maneno hayo yana sura ya jibu lakini hayaelekezi popote: hakuna kipimo kinachofuata, hakuna dawa, hakuna tarehe ya kurudi. Goti moja likiuma na lingine halina shida, yote mawili yana umri uleule. Kwa nini moja tu? Asiyesikia huenda ana nta iliyojaa sikioni, ya kulainishwa kwa matone ya mafuta siku chache na kuoshwa, au amepewa kwinini, ambayo inajulikana kwa kuleta mlio masikioni na kupunguza usikivu kwa muda. Asiyeona huenda ana mtoto wa jicho, na huo ni ugonjwa unaopasuliwa na kupona.

Magonjwa ya kawaida pia hujificha kwa mzee. Nimonia inaweza kuja bila kikohozi na bila homa kali. Kama joto lake la kawaida ni 36.2, basi 37.4 kwake ni homa, na fishi isiyo na joto lake la kawaida haitamwokoa. Pumzi zaidi ya 25 kwa dakika, zilizohesabiwa dakika nzima, mara nyingi husema mapema kuliko kipimajoto. Na dalili ya kwanza kabisa inaweza kuwa maneno: jana alikuwa anaongea vizuri, leo anamwita binti yake kwa jina la dada aliyekufa.

Hapo panahitaji kusimama, maana ndipo madhara makubwa zaidi yanapotokea hapa kwetu. Kuchanganyikiwa kwa ghafla na kupotewa na akili polepole ni vitu viwili. Cha kwanza kinaanza ndani ya saa au siku, kinapanda na kushuka, usiku ni kibaya zaidi, na mgonjwa hawezi kushika jambo: mwambie ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma, kwa lugha yake ya nyumbani, Kibemba au Kiluba au Tshiluba, atapotea njiani. Cha pili kinachukua miezi na miaka. Cha kwanza kina chanzo, na chanzo hutafutwa kwa mpangilio: malaria, mapafu, mkojo, sukari iliyoshuka, hasa kwa anayetumia glibenklamidi, dawa ya kisukari, au aliyepewa kwinini, kibofu kilichojaa na hakitoki, choo kigumu cha siku tano, maji machache, maumivu yasiyotibiwa, miwani iliyobaki nyumbani, dawa. Na kwenye dawa, usitosheke na alizoandikiwa. Familia ilete kila kitu anachomeza ndani ya mfuko mmoja, pamoja na vya kuchemsha. Mle utakuta daizepamu ya kulalia, prometazini ya kuwasha ambayo mtu aligundua inaleta usingizi, na diklofenaki, dawa ya maumivu, iliyonunuliwa kwa vidonge kumi kumi, ambayo inapandisha tansio na kuumiza tumbo na figo wakati huohuo mzee anatibiwa tansio.

Mzee aliyechanganyikiwa hivyo anaongea usiku, anawataja waliokufa, anatoka nje bila nguo. Kama katika nyumba hiyo mtoto ameugua wiki hiyo, au kazi imepotea, kuna mtu atakayesema neno "mulozi" (mchawi), na mara nyingi linamwangukia mwanamke, mjane. Muuguzi aliyesema "ni uzee" amewaachia watu nafasi tupu, na nafasi hiyo haikai tupu muda mrefu. Itajazwa na anayetoa maelezo kamili zaidi, pengine mhubiri. Muuguzi anayekaa na familia na kusema, "Hali hii ilianza Jumanne, chanzo ni maambukizi ya mkojo, dawa ni hii, tunategemea akili irudi ndani ya siku chache na pengine wiki kadhaa, na usiku anahitaji taa na mtu anayemjua," ameweka kitu mahali hapo. Na kama ni kupotewa na akili kwa polepole, nako kuna la kusema: ni ugonjwa wa ubongo, hauambukizi, haurogi, na unakwenda hivi. Sidhani kama kuna kazi nyingine ya muuguzi, katika mji huu, ambayo sentensi tatu zinaweza kuokoa maisha ya mtu aliyekwisha pona.

Kumfunga mikono kitandani usiku kunaongeza kuchanganyikiwa na kunaleta vidonda. Kinachosaidia ni mwanga mdogo, saa ukutani, sauti moja inayofahamika badala ya ndugu saba kwa zamu, mchana ukitumika kukaa na kutembea ili usiku uwe wa kulala.

Kuna pia jinsi ya kuongea. Kuita "papa", "mama", "nkambo" ni adabu yetu na haina kosa. Kosa linaanza sauti inapopanda na kuwa ya kitoto, maneno yanapokatwa, na muuguzi anapomgeukia mwana na kuuliza, "Anaumwa wapi?" hali mwenye mwili amekaa hapo. Nchini Marekani, Kristine Williams na wenzake walirekodi kwa video wauguzi wakiwahudumia wazee waliopotewa na akili. Mwaka 2009 waliripoti kwamba walipoongeleshwa kitoto, wazee waligoma kuhudumiwa zaidi ya mara mbili ikilinganishwa na walipoongeleshwa kama watu wazima. Yule tunayemwita mkaidi huenda amejibu tu alivyotendewa. Kaa mbele yake, mwanga ukiwa usoni pako na si mgongoni, umbali wa mita 1, ongea polepole kwa sauti ya chini na nzito, kwa maana sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza masikioni. Kupiga kelele kunaziongeza hizohizo. Uliza yeye kwanza, mwana baadaye. Mwana ndiye anayelipa, hilo linajulikana, lakini kulipa hakumpi haki ya kuficha ugonjwa wa mama yake au kukataa upasuaji kwa niaba ya mtu mwenye akili timamu. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 kinampa mtu wa umri mkubwa haki ya ulinzi maalumu unaolingana na mahitaji yake ya mwili, akili na utu. Tuseme ukweli: hakuna anayekwenda mahakamani kwa kifungu hicho. Basi angalau wodini kitumike.

Mji huu una wazee wa aina yake pia. Wengi walifanya kazi kwenye kampuni ya madini ya Gécamines au kabla yake Union Minière, wakiishi kambini, wakipokea mgao wa unga na kutibiwa hospitali ya kampuni. Mwaka 2003 zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mkupuo katika kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, na matibabu yakaondoka nao. Mtu aliyeongoza zamu ya tanuru miaka 25 hatakuelewa ukimwambia "fanya mazoezi kidogo, papa". Muulize alikuwa idara gani, alisimamia watu wangapi. Kisha mpe kipimo: kunyanyuka kwenye kiti mara 5 bila kushika, mikono kifuani, kwa sekunde 14 au chini yake. Ndicho kipimo cha OMS cha kutazama kama miguu bado inatosha. Akitumia sekunde 20, mwambie wiki ijayo tunataka 18, na aandike mwenyewe kwenye daftari. Anajua takwimu za uzalishaji kuliko muuguzi anayemhudumia.

Hili la mtu kujiona bado ana kazi halipaswi kuchukuliwa kama maneno ya kufariji. Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alichapisha mwaka 2002 uchunguzi wa watu 660 wa Ohio wenye miaka 50 na zaidi: walioutazama uzee wao kwa mtazamo mzuri waliishi kwa wastani miaka 7.5 zaidi ya walioutazama vibaya. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi chanzo kama jaribio la dawa, na anayeumwa sana ana sababu ya kuona giza. Lakini njia zinazowezekana zinaonekana kwa macho: anayeamini magoti hayana tiba haji kupimwa, haendelei na vidonge vya tansio, haondoki kitini. Na anayaamini kwa sababu ametusikia tukisema.

Kabla ya kumruhusu, familia iulizwe kuhusu nyumba. Choo cha shimo cha kuchuchumaa ndicho kinachowashinda wengi, kwa hiyo fundi seremala atengeneze kiti kisicho na kitako, urefu wa sentimita 45 hadi 50 kulingana na miguu yake, kiwekwe juu ya tundu mchana na juu ya ndoo chumbani usiku. Mti wa kushikia pembeni. Tochi ifungwe kwa kamba kwenye kitanda, kwa kuwa umeme utakatika. Juni na Julai usiku wa huku unashuka chini ya nyuzi 10, na mzee hahisi baridi mapema kama kijana. Ataingiziwa mbabula (jiko la makaa) chumbani na mlango kufungwa. Makaa yanatoa hewa isiyo na harufu inayoua usingizini. Mbabula iwashwe nje, itolewe kabla ya kulala, naye apewe soksi, kofia na blanketi la pili.

Pingamizi kubwa linabaki kuwa muda, na halina budi kujibiwa kwa hesabu. Wodi ya watu 20 ikiwa na wazee 5, kuwatembeza mara tatu kwa dakika 7 ni dakika 105. Hakuna muuguzi mwenye dakika hizo. Garde-malade anazo, tena anazitafuta, kwani anakaa pale mchana kutwa bila kujua afanye nini zaidi ya kulisha na kufunika. Afundishwe mara moja kwa dakika 10: kufunga kitenge, kukaa ukingoni kwanza, kusimama, hatua ngapi, dalili za kumrudisha. Kisha aonyeshe mwenyewe mbele ya muuguzi, kwa sababu kuitikia kwa kichwa si kujua. Bidii ileile iliyokuwa inamlaza mzee inamsimamisha, na yeye mwenyewe atarudi nyumbani akiwa na ujuzi huo.

Wapo wanaokufa, na hao wasisumbuliwe na kutembea. Wanahitaji kutolewa maumivu, kinywa kisikauke, na mtu wa karibu. Lakini uamuzi huo utolewe na hali ya ugonjwa, uandikwe, na mwenyewe aambiwe.

Kwenye ripoti ya asubuhi, kati ya joto na tansio, iongezwe safu moja: jana alitembea, ndiyo au hapana, na kama hapana, kwa nini. Majibu yanayokubalika ni kama tansio iliyoshuka, mfupa, pumzi, maumivu. "Ana miaka 80" lisikubaliwe. Na akikataa mwenyewe, iandikwe kwamba amekataa, aulizwe sababu, na aulizwe tena saa kumi.